Nilivyovivua Viti Vitambaa

Wakina mama wa kikundi, nawasalimu kwa heshima. Na nyinyi waume mlioburutwa hapa Jumapili mkaacha mpira, poleni; hata mimi nimeburutwa. Mke wangu ameketi mstari wa nyuma, mfuko magotini. Ana miezi miwili kwa dada yake huko Mukuru kwa Reuben, na amesema harudi kwangu mpaka niseme mbele yenu nilichofanya, bila kukitia sukari. Basi sikizeni.

Mimi ni mtu wa kiwanda cha sabuni. Mchana nilipakia katoni, jioni nilisomea digrii. Mwaka wa mwisho nikapewa somo la falsafa ya uzuri. Humo mtu huulizwa: kitu kizuri ni kizuri kwa nini? Uzuri uko ndani ya kitu, au uko kwa macho ya anayekitazama? Ndugu zangu, nawaambia, kufika wiki ya pili nilikuwa nimevimba kichwa hata kofia zote za Eastlands zingeshonwa pamoja zisingenitosha. Nilidharau mapazia ya majirani. Nilidharau rangi ya mageti. Kwaya ikianza kuimba, nafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Juha mwenye madaftari!

Halafu nikafikia vitambaa. Mnajua desturi yenu: mmoja akiolewa, kila mama humfumia kitambaa kimoja cha kiti. Mke wangu alikuwa na kumi na kimoja, vyeupe, kwenye sofa yetu. Jumamosi moja nikavikusanya vyote.

"Baba watoto, unavipeleka wapi?"

"Huu si urembo, ni mazoea tu. Vyote ni kimoja, kama katoni za sabuni. Hata kipofu anaona."

"Sawa, profesa. Umewahi kuvitazama?"

Nilichukua kimoja nikapangusia kiatu chenye rangi nyeusi mbichi.

Naona mnaguna. Guneni, ni haki yenu.

Alikiloweka, hakikutakata. Akavitia vyote mfukoni akaenda. Na mimi, kwa upumbavu wangu, nikakaa kwenye sofa tupu yenye tundu lililounguzwa na pasi, nikajipongeza kwamba sasa umbo la kiti linaonekana!

Wiki ile tukapewa insha: chagua kitu cha nyumbani ukihukumu. Nikaandika kurasa ishirini za kuvitukana vitambaa. Mwalimu wetu, mama mfupi asiyecheka, akaniita.

"Maneno magumu nimeyaona. Kitambaa chenyewe kina ua gani katikati?"

"Sijui, mwalimu."

"Kwa hivyo umehukumu bila kutazama. Katazame, uandike upya. La sivyo, sifuri."

Nikaenda Reuben. Mke wangu akafungua mlango. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuazima kitambaa."

Dada yake alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Alivitandaza kitandani. "Havitoki hapa. Kaa uvitazame."

Nilikaa tangu chakula cha mchana hadi chai. Mwanzoni niliona weupe tu. Baadaye nikaona kimoja kimekazwa kama ngumi. "Huyo hukaza kila kitu," akasema mke wangu, "hata ugali." Kingine ua lake lina petali tisa, vingine vyote vina nane.

"Huyu alikosea kuhesabu?"

"Alikifumia kwenye foleni ya hospitali, mtoto wake amelazwa. Alipoona kosa akaliacha. Alisema wiki ile ndivyo ilivyokuwa."

Mwisho nikakishika kile cha kiatu. Nikakigeuza. Nyuma hakuna fundo hata moja. Ncha za uzi zimerudishwa ndani, hujui upande upi ni wa mbele. Nikauliza nani huhangaika na upande usioonekana. Mke wangu akanitajia. Simtaji, mnamjua. Macho yake yalikuwa yameshaanza kumwacha. Alikifuma kwa kupapasa.

Hapo nililia mpaka dada mtu akainua magodoro yasilowe.

"Turudi nyumbani," nikamwambia mke wangu.

"Hukunitukana mimi peke yangu. Kawaambie wenyewe."

Niliandika kurasa nne tu. Nimepita, na digrii iko njiani. Siku hizi nikimsikia msomi akisema kitu fulani ni cha watu wa mtaani, namtazama kama soksi iliyovaliwa mwezi mzima. Alikitazama lini?

Namshukuru mwalimu aliyeninyima alama. Namshukuru shemeji kwa chai, ingawa alinicheka kila kikombe. Nawashukuru nyinyi kumi na mmoja. Neno langu kwenu ni hili: ukitaka kudharau kitu, kaa nacho mchana mzima kwanza. Ukimaliza na bado unakidharau, basi endelea, angalau umefanya kazi.

Na wewe mama ambaye kazi yako niliifanya kitambaa cha kiatu, nisamehe. Lile doa halitoki, nimepeleka Reuben kila sabuni ya kiwandani.

Mke wangu, nimesema yote. Kama nimeacha kitu, sema hapo ulipo, nitasimama tena. Naona umeinuka. Wakina mama, mpisheni kidogo. Kama unaelekea kwetu, nipe huo mfuko niubebe.