Jina la Delfina na Ukuta Usio Wetu

Mheshimiwa Ramona Sedillo, mwakilishi wetu huko Washington, Mheshimiwa Garland Stovall, mwakilishi wa kusini, uliyeendesha gari tangu alfajiri kuja kwa watu wasioweza hata kukupigia kura, Mheshimiwa Meya Onofre Lucero, Baba Paroko, wageni waalikwa, majirani zangu wa Llano Hondo, na wewe shemeji yangu Perfecta, uliyenisihi nifupishe:

Kwanza naomba radhi kwa kuwachelewesha. Mmekaa juani nusu saa nzima, nami niko nyumbani natafuta ubao huu mnaouona miguuni pangu, kumbe ulikuwa nyuma ya jiko, pale pale nilipouweka mwenyewe usipate unyevu. Nusu saa hiyo ni kosa langu. Miaka minne iliyoitangulia, kwa heshima zote, si yangu. Hiyo ni ya Katiba.

Marehemu mke wangu, Delfina, alibeba barua kutoka jengo hili la posta hadi nyumba ya mwisho ya mlimani, katika theluji na katika matope, mpaka magoti yalipogoma. Alipofariki, baraza la kijiji lilikutana jioni moja tu, likaamua posta iitwe kwa jina lake. Hakuna aliyepinga. Na Meya wetu, ambaye alikuwa seremala kabla hajawa Meya, akachonga ubao huu wa msonobari kwa mikono yake, tukaupigilia ukutani kwa nderemo. Wiki haikwisha, akaja mkaguzi wa posta kutoka mjini, kijana mwenye adabu, kofia mkononi.

"Mzee Quintana," akaniambia, "jina ni zuri, na ubao ni mzuri. Ila ukuta si wenu."

"Ni wa nani?" Meya akauliza.

"Wa Marekani."

"Na sisi ni akina nani," Perfecta akadakia, "Wafaransa?"

Je, tulikuwa wajinga, ndugu zangu? La hasha. Tulikuwa tumebisha hodi nyumba siyo. Maana tazameni hapa tulipo! Njia hii ya vumbi ni ya kijiji, na tungetaka kuiita Njia ya Delfina tungeiita leo kabla ya chakula. Shule ile ina bodi yake. Sherifu ni wa kaunti. Barabara kuu ile ya lami ni ya jimbo, mali ya gavana na wabunge wa Santa Fe, makao makuu ya jimbo letu. Lakini inua mguu, vuka kizingiti hiki cha posta, na mguu huo umeshaingia katika serikali kuu, wakati mwenzake bado uko Llano Hondo. Nilikwenda Santa Fe nikiwa sijui hayo. Mbunge mmoja wa jimbo akanipa kiti na kahawa, akasema, "Mzee, naweza kukuongezea kodi, naweza kukupunguzia kodi, naweza hata kubadilisha ua la jimbo letu. Ukuta ule siuwezi."

Nani basi anauweza? Bunge zima la Marekani, pamoja na Rais! Nilipoambiwa hivyo, nakiri, nilicheka. Kisha nikasisimka, na sijaacha kusisimka hadi leo. Jina la mwanamke mmoja aliyekuwa akifunga minyororo kwenye magurudumu ya gari lake kabla ya jua kutoka, ili lisiteleze kwenye theluji, lilitakiwa lipite njia ile ile inayopita sheria ya kulipa majeshi. Baraza la Wawakilishi, kisha Seneti, kisha kalamu ya Rais. Hakuna njia ya mkato kwa walio wadogo, na wala hakuna mlango uliofungwa kwa ajili yao.

Mheshimiwa Sedillo aliandika muswada. Baraza likaupitisha kwa sauti ya "ndiyo", nami nikanunua suti hii. Lakini Seneti ilikuwa na foleni ya mambo makubwa, na adhuhuri ya tarehe tatu Januari muda wa Bunge lile ukaisha. Na Bunge likiisha, kila muswada usiokamilika hufa pamoja nalo. Wa Delfina nao ukafa. Nikampigia Mheshimiwa simu. Akaniambia kwa upole, "Mzee, tunaanza upya, kutoka ukurasa wa kwanza." Nikamjibu kwamba Bunge hufa na kuzaliwa kila miaka miwili, lakini mimi nina miaka themanini na saba, nami nitakufa mara moja tu.

Tukaanza upya. Sasa, kuna desturi kule kamatini: muswada wa kuipa posta jina hausikilizwi mpaka wawakilishi wote wa jimbo wautie sahihi. Sisi tunao watatu. Wawili walitia. Na wa tatu, aliyekuwa ameletwa na uchaguzi ule mpya, ni wewe, Mheshimiwa Stovall. Usiiname, Mheshimiwa, ninakusifu, subiri kidogo.

Tulipanda basi, mimi na Perfecta, tukiwa na mfuko wa tamale, vile vibumunda vyetu vya mahindi na nyama, kwa ajili ya ofisi yake. Tulipofika kusini, mfuko ulikuwa nusu. Mheshimiwa akatupokea amesimama, jambo ambalo watawa wa misheni walionilea wangelipenda.

"Mzee, sina neno na marehemu," akasema. "Nina neno na yule mama Sedillo. Anataka kunywesha mji wake maji ya mto wetu. Sitii sahihi chini ya jina lake."

"Basi gombana na aliye hai," Perfecta akamwambia. "Dada yangu hanywi tena maji ya mtu."

Perfecta akamsogezea tamale. "Hebu niambie. Huko shambani kwako, barua zako analeta nani?"

"Wanda Pruitt. Tangu nikiwa mtoto."

"Wa chama gani?"

"Sijawahi kumuuliza."

"Kamuulize."

Hakutia sahihi siku ile. Tulirudi, na nilihesabu umri wangu njia nzima. Lakini siku chache baadaye, nikiwa nalisha kuku, simu ikalia. "Mzee Quintana, nimemuuliza Wanda. Ni wa chama cha yule mama Sedillo, si changu. Na aliposikia sijatia sahihi, amenitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia kwa mtu wa umri wako. Kalamu ninayo mkononi."

Ndiyo, mpigieni makofi! Mpigieni! Maana ugomvi wa maji bado anao, na leo ameketi kiti kimoja tu kutoka kwa yule anayegombana naye.

Mengine yalikwenda mbio. Kamati ikakubali, Baraza likapitisha, na katika Seneti, ambako seneta mmoja kati ya mia angeweza kusema "napinga" na safari ikakwama hapo, hakuna aliyefungua kinywa. Muswada ukatua mezani kwa Rais. Mimi sikumpigia kura; Perfecta alimpigia. Tulipiga magoti pamoja.

"Ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi," nikamweleza.

"Na akikataa?"

"Theluthi mbili za kila baraza zinaweza kumshinda."

"Kwa ajili ya Delfina?"

"Kwa ajili ya yeyote."

"Basi mimi naanza kuomba akatae," akasema. "Vurugu hiyo sitaki kuikosa."

Hakukataa. Nilikuwa kwa kinyozi, nywele zimekatwa upande mmoja, Mheshimiwa Sedillo aliponiambia, "Ametia sahihi." Sista Bonifasia alitufundisha misheni, rula mkononi, kwamba Rais wetu hatungi sheria, bali huletewa. Nililikariri jambo hilo nikiwa na miaka tisa. Siku ile, nusu kichwa kikiwa na nywele, ndipo nilipolielewa. Sheria ile ilitoka hapa, jikoni kwangu. Yeye alikuwa mtu wa mwisho kuipokea.

Na sasa jina lile pale, kwa shaba, ukutani, nami ningali hai kulisoma. Delfina Quintana. Angekuwepo angesema, "Fermín, kaa chini, watu wanangoja barua zao."

Ninakaa, mama. Meya, ubao wako tutaupigilia kwenye uzio ule wa njiani. Uzio ni wa kijiji. Nimeuliza mara mbili.

Rais nimeshamwandikia. Nimebakiwa na barua moja mfukoni, ya kwanza kutoka posta hii yenye jina lake, nayo ni shukrani zangu kwa Bibi Wanda Pruitt, ambaye sijamwona. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wa jua hili. Ninamwona Ysidra Montaño, aliyerithi njia ya Delfina, amewasha gari pale na anatazama saa, kwa kuwa barua hazingoji hotuba. Ysidra, mwanangu, pokea. Utaibeba wewe hadi mjini, wengine wataibeba hadi kusini, na hatua za mwisho, mpaka mlangoni pake, ataibeba Wanda mwenyewe.