Boti Isiyotakiwa Kuokolewa

Kwetu Nyangwe, chombo kikielea bila mtu, hakiulizwi ni cha nani: aliye karibu huruka mtumbwini, hukishika, hukirudisha ukingoni. Desturi hiyo nzuri imeharibu jaribio la fundi Joël mara mbili. Boti yake ya kupeleka dawa ng'ambo hujiendesha yenyewe, bila nahodha, na alitaka kuona: moteri moja ikizimwa katikati ya mto Lualaba, itavuka kwa ile iliyobaki? Mara mbili aliizima, mara mbili kijiwe chetu kikaiokoa. Leo ni mara ya mwisho. Ikishikwa tena, wenye mradi wataipeleka mto mwingine. Basi Mama Waridi muuza kahawa, ambaye binti yake Mounira ana mimba kubwa huko ng'ambo, mbali na dawa, alitukalisha sote kwenye ubao na kutumiminia vikombe.

— Atakayesimama hanywi tena kahawa yangu, akasema. Faradji, nakuangalia weye.

Faradji ni mvushaji, tunamwita Mwokozi.

— Mama, mie sikuiiba. Niliiokoa.

— Uliokoa kitu chenye hakikuomba.

Christophe, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akaingilia:

— Ile bato iko na masikio. Inasikiliza moteri zote mbili. Moja ikinyamaza, inaambia ingine: ongeza.

— Na ingine ikikataa? Faradji akauliza.

— Itakataa namna gani? Haijue kama mwenzake amekufa. Wazee walisema, ukila na kipofu usimushike mukono.

— Ile methali inaingia wapi hapa?

— Inaingia kwenye maji, papa.

Joël alikuwa amesimama ukingoni, simu mkononi.

— Si masikio, kaka. Inapima namna inaenda, inalinganisha na namna ilipashwa kwenda. Ikiona tofauti, inageuza usukani, inaongeza nguvu ya moteri yenye kubaki. Sikuifundisha isiharibike. Niliifundisha iendelee ikiharibika.

— Sawa na ndoa yangu, Redio akasema.

Joël akabonyeza. Moteri moja ikanyamaza. Boti ikageuza pua, ikaanza kufuata maji. Goti la Faradji likaruka.

— Inapotea.

— Kaa.

— Mama, maji inaibeba.

— Faradji. Mounira akishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, mto umejaa, utavuka?

Faradji akatazama kikombe chake.

— Siwezi.

— Basi wacha mwenye kuweza ajifunze.

Boti ikazunguka mzunguko mmoja mzima.

— Inadanganya viboko, Redio akanong'ona. Inawafanya wafikiri imelewa.

Kisha pua ikarudi, polepole, imeinama upande, kama mtu anayepanda mlima na mzigo begani. Ikakata maji. Ikakata tena. Ikagusa matete ya ng'ambo.

Hatukupiga makofi. Mama Waridi alikaa chini, mchangani, birika mapajani, akacheka bila sauti.

Ndipo akaja Rosine, muuguzi wa ng'ambo, miguu ingali na maji ya mtumbwi, nyuma yake kundi la watu wa kule.

— Tumekuja wote kuangalia, hata mulinzi wa dispanseri. Imefika?

— Imefika, Mama Rosine. Na moteri moja.

Aliitazama boti, akatutazama sisi.

— Na kule, ni nani anaipokea?

Sote tuligeuka kutazama. Ng'ambo, boti ilikuwa imeegemea matete, ikisukumana na mkondo kwa ile moteri moja, isiondoke, ikingoja mkono wa mtu.