Msumari wa Elfu Moja na Tisa

Mimi nauza kahawa, na bahati mbaya wateja wangu wanajua kila kitu. Asubuhi ile Seremala alikuja na ndoo ya misumari, uso umemshuka. Mkewe, anayesoma darasa la watu wazima, alikuwa ameandika ubaoni kwamba elfu moja na tisa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu akaja juu: alete barua ya kuomba radhi, yenye saini ya mumewe, la sivyo asirudi tena. Barua Seremala alikuwa nayo mfukoni, kalamu sikioni.

— Mia inagawanyika, elfu inagawanyika, — alisema Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa kuwa alirudia darasa la saba mara mbili. — Hiyo ni nani hata ijitie ukaidi?

— Inagawanyika, — akadakia Dereva mstaafu. — Ila kigawanyo chake hakijagunduliwa. Kipo katikati ya saba na nane.

— Katikati hapo kuna nini, mzee? — nikamuuliza.

— Si ndiyo nimesema hakijagunduliwa!

Nikawaambia waache porojo, wahesabu. Wakahesabu misumari elfu moja na tisa, wakaipanga chini. Mbili mbili, ukabaki mmoja. Tatu tatu, mmoja. Tano tano, minne. Saba saba, mmoja tena.

— Msumari huu umerogwa, — Dereva akanong'ona.

— Umerogwa wapi! Mbovu tu, tazama ulivyopinda. — Profesa akautia mfukoni. — Haya, nane nane.

Safari hii zikatoka safu mia moja ishirini na sita, sawasawa. Wakapongezana weee, utadhani wamejenga daraja.

Seremala akashusha pumzi, akatoa barua.

— Afadhali. Nilishaanza kumwamini mke wangu.

Nilitamani kummwagia kahawa ya moto.

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi mkewe alipofika, daftari kwapani.

— Karibu, shemeji, — Profesa akatabasamu. — Namba yako imekubali nane.

Akazitazama safu, midomo ikihesabu.

— Nane mara mia na ishirini na sita ni elfu moja na nane. Mimi nimejaribu mpaka thelathini na moja, zote zimekataa. Kuendelea ni kujisumbua: thelathini na mbili mara thelathini na mbili inaipita namba yenyewe. Msumari mwingine uko wapi?

— Ule umepinda, shemeji.

— Sawa. Ukipinda hauhesabiwi?

Dereva akakinywa kikombe kitupu.

Seremala akamnyooshea Profesa mkono mpaka akautoa msumari mfukoni. Seremala akaunyoosha kwa nyundo, mapigo matatu, kisha akaigongomelea nao ile barua kwenye benchi langu bila saini.

— Jioni tunakwenda wote darasani, — alimwambia mkewe. — Ukanifundishe na mimi njiani.

Barua ipo pale mpaka leo. Profesa siku hizi anakaa upande wa pili wa benchi.