Bi Ozella Tarpley na Nyumba ya Dabney

Ndugu waombolezaji, naapa mbele ya jeneza hili, na Mchungaji ananisikia, kila neno nitakalosoma ni kweli tupu, na kama kuna la uongo paa la kanisa hili linishukie mimi Cleavon peke yangu.

Marehemu Ozella Tarpley, shangazi yangu, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1941, hapa hapa Presnell, Alabama, kwenye chumba cha nyuma ya jiko la nyumba ya Dabney, ambako mama yake Lurline alikuwa mpishi, na wanasema alilia kwa nguvu mpaka treni ikasimama. Alisoma shule ya kanisa mpaka darasa la nane, akashona mashati kiwandani miaka ishirini na miwili, na hakuna shati lake lililowahi kudondosha kifungo kaunti nzima. Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Thurman Tarpley, fundi mwashi, wakajaliwa Nadine na Royce, mnaowaona hapo mbele.

Sasa ile nyumba, mfanyabiashara Lucius Dabney aliijenga 1852 kwa faida ya pamba na vitambaa, ndivyo kibao cha ukutani kilivyosema, lakini aliyefinyanga na kupanga matofali yote ni Isom, mtumwa wake, babu wa babu yake Shangazi, na alama za vidole vyake zimo kwenye bomba la moshi la jikoni mpaka leo. Mwaka 1994, Dabney wa mwisho alipokwisha kufa, baraza la mji likataka kuibomoa waegeshe magari, Shangazi akawaendea na habari ya vidole, wakacheka, wakasema vidole hata mlango wa friji unavyo, ingekuwa walau imepigwa mzinga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama nyumba za miji mingine, wangeiacha.

Shangazi alirudi nyumbani, akaoka keki, akaniita. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa nimeshinda kurusha tufe shule ya sekondari, na tufe langu moja lilivuka mto likaua bata, nalo nilikuwa nalo bado. Tukaliloweka kwenye siki na chumvi wiki tatu mpaka likaota kutu kama kombora la mzinga wa zamani, Mjomba Thurman akatoboa ukuta wa ghorofani mchana kweupe akijidai anakarabati, akalipachika vizuri kuliko mzinga wenyewe ungeweza, akasiliba, kisha Shangazi akatangaza kwamba tufe la vita limeonekana ukutani.

Tarehe 19 Oktoba 1994 mtaalamu wa majengo ya kale wa jimbo akaja, mama mmoja mwembamba, Dokta Hostetter. Haki ya Mungu, mji mzima uliukumbuka huo mzinga! Meya Purvis, aliyecheka kuliko wote, alisimama barazani akisimulia kwamba babu yake alikuwa anakunywa supu pale pale tufe lilipoingia, na wajumbe watatu nao babu zao walikuwa kwenye supu hiyo hiyo. Ghorofani Dokta akainama, akakwangua kutu kwa ukucha, akamwangalia Shangazi, akauliza taratibu,

"Mama, mzinga uliorusha hili ulisoma sekondari ya hapa?"

Maana chapa ya shule ilikuwa bado kwenye tufe. Mimi niliyewahi kubeba nyumbu nikajificha nyuma ya Mjomba Thurman. Shangazi hakupepesa jicho.

"Hilo ni la kina meya," akasema. "Langu liko jikoni, twende."

Dokta akaweka vidole vyake kwenye tofali la Isom, havikuenea, Shangazi akaweka vyake, vikaingia kama vimerudi kwao. Yule mama akavua miwani, akakaa kwenye ndoo, na pale pale akaandika kwamba nyumba haibomolewi kwa sababu ya matofali ya Isom, lakini baraza likapiga kura ya kuihifadhi kwa furaha ya tufe, na hakuna aliyewasahihisha. Shangazi akashika funguo miaka ishirini na tisa, akitembeza wageni, akianzia jikoni.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti iliyopita, akafariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuku na mkate wa mahindi usioisha, na wenzake wa kiwandani waliokuja na mikongojo yao.

Pumzika, Shangazi, nyumba imesimama. Na ninyi wengine, hili la tufe liishie humu ndani, Jumanne basi la wageni linakuja, na mjukuu wa Meya Purvis ndiye atakayewasimulia habari ya supu.