Mzee Aliyetaka Gitaa Linenepe: Wasifu wa Marehemu Eliakim Kipyego Tarus

Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu mstaafu Kipkirui Tarus, nyumbani kwa marehemu, Sugoi, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025. Familia ilimwomba afupishe. Amekataa.

Mzee Eliakim Kipyego Tarus alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, hapa hapa Sugoi, akiwa kifungua mimba wa Mzee Tarus na Mama Leah, wote marehemu. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa na kilio kizito cha mtu mzima, hata mkunga akauliza kuna mwanaume gani nyuma ya nyumba. Ushahidi hatuna. Yeye mwenyewe aliliamini jambo hilo maisha yake yote, na alikuwa akilitaja kila alipokosana na gitaa.

Alianza masomo mwaka 1960 katika shule ya msingi ya kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Karo ya sekondari haikupatikana. Alitoka shuleni na cheti kimoja na imani moja: kwamba kumi kwa kumi ni bora kuliko saba kwa kumi, mahali popote, katika jambo lolote. Sisi walimu tunabeba lawama kwa mambo mengi, na hili pia tulibebe.

Mwaka 1971 aliajiriwa Eldoret kuendesha mashine ya kusaga mahindi, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2005. Huko posho mill ndiko sikio lake lilikokomaa. Mashine ikianza kulia kwa sauti nyembamba, Eliakim alikuwa anazima mara moja na kusema, "Chujio imetoboka." Wenye magunia walikuwa wananung'unika kwenye foleni, lakini akifungua, kweli, tundu liko pale. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Kwa hivyo mjue kwamba huyu hakuwa mtu wa kudanganyika na sauti nyembamba.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Rael Jepkosgei, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, ambaye leo ameketi pale mbele na leso yake na ananiangalia kwa jicho baya. Mungu aliwajalia watoto wanne. Shemeji yangu ana sikio ambalo watu wazima wanaliogopa. Sauti ya pili ikipotea katikati ya wimbo, anageuza tu shingo, na mkosaji anajijua.

Sasa tufike kwa gitaa. Mwaka 1983 marehemu alinunua gitaa la umeme na spika yake kutoka kwa Bwana Kiarie, aliyekuwa akiongoza bendi ya hoteli moja mjini. Kiarie alimsikiliza akipiga, akatikisa kichwa. "Mikono unayo, Kipyego. Lakini sauti yako ni nyembamba sana. Ikinenepa, njoo tuzunguke Kenya nzima." Eliakim akajibu, "Mke wangu akikubali imenenepa, utaniona." Wakapeana mikono. Alirudi nyumbani akatoa habari hiyo sebuleni kwa furaha kubwa, huku mkewe, Mama Chepkorir, amebeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi.

Akapiga wimbo mmoja. Mama Chepkorir akavuta kigoda, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Chepkorir, hiyo kitu ni gitaa ama ni mbu?"

Basi ikawa hivyo. Kila jioni marehemu alitoka kazini, akajikung'uta unga, akanywa chai, akapiga wimbo mmoja. Mama Chepkorir aliacha alichokuwa akifanya, akavuta kigoda, akasikiliza. Mwisho wa wimbo Eliakim aliuliza, "Sasa?" Naye akajibu, "Bado." Tulizoea kiasi kwamba hata watoto wakicheza nje walikuwa wanaulizana hivyo hivyo.

Alijaribu kila kitu. Mwaka 1984 alifunga nyuzi nene kuliko zote alizopata Nairobi, na shingo ya gitaa ikapinda, hata Kabiru, fundi wetu wa redio kule Moi's Bridge, akauliza kama anataka kuwindia swara. Akajaribu kupiga akiwa amevaa glavu za kukamulia. Mwaka 1987 ndipo alipopata lile wazo la ghala. Aliona kwamba ukiongea ndani ya ghala tupu la mabati, hata mtoto anakuwa na sauti ya askofu. Akaishusha spika hadi chini kabisa ya ghala letu, akavuta waya mrefu. Kweli sauti ilinenepa, ila ilikuwa nene kwa aliye ndani peke yake. Mzee wa kanisa Nyongesa alijitolea kuingia kusikiliza, na wimbo wa kwanza tu akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akatuitikia "Amina" kwa kila kitu mpaka Alhamisi.

Hilo lingeishia hapo, lakini wiki ileile mahindi yakavunwa, na mimi hapa, bila kuuliza mtu, nikamwaga magunia kumi na nane ndani ya ghala. Nakiri mbele ya waombolezaji. Spika ilikaa chini ya mahindi tangu Novemba. Tulikula tukielekea kwake. Tuliifikia mwezi wa nne, na nadhani hakuna familia nyingine Uasin Gishu iliyowahi kula ugali kwa bidii namna ile. Kaka hakunisemesha kwa miezi hiyo yote, isipokuwa kuniuliza kama nimeshiba.

Mwaka 1996 Kabiru alikuja mwenyewe nyumbani, kwa mara ya kwanza. Aliingia sebuleni, akasimama, akashika kiuno. Spika ilikuwa juu kabisa ya kabati, karibu na dari, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. Kitu cha bei namna ile, nani angekiweka sakafuni pamoja na viatu? Na vibonye vyote vilikuwa vimezungushwa hadi kumi.

"Mzee," Kabiru akasema, "mbona sauti kali yote iko kumi?"

"Mtu apewe kumi achukue saba?"

"Na spika iko huko juu inafanya nini?"

"Inaheshimiwa."

Kabiru alikaa chini akacheka hadi akaomba maji. Kisha akaeleza polepole: spika ishuke sakafuni, iingie kwenye kona ya ukuta, kwa sababu sakafu na ukuta ndivyo vinavyoipa kifua. Sauti kali irudishwe hadi nne, ile ya katikati ibaki juu. Na aache kukwaruza nyuzi kwa sarafu pale mwishoni zinapofungwa, apige kwa kidole gumba, karibu na shingo. Eliakim alichukua wiki mbili kukubali. Nne ilimuuma. Alisema ni kama kumpeleka mtoto shule akafeli kwa makusudi.

Lakini jioni aliyokubali, wee! Vikombe vilicheza kwenye kabati. Ng'ombe waliacha kucheua. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia wimbo ukinigusa hapa kifuani, na nitasema wazi kwamba nilitokwa na machozi. Kabiru alifunga mkoba wake wa vyuma kama mtu aliyemaliza kazi. Sote tukamgeukia Mama Chepkorir kwenye kigoda. Alikuwa amefumba macho.

"Sasa?" Eliakim akauliza, na sauti yake yeye ndiyo iliyokuwa nyembamba.

"Imejaribu," akasema. "Lakini bado kidogo."

Kabiru alitaka kubishana, kaka akamzuia kwa mkono. Wakaendelea hivyo miaka ishirini na nane mingine. Kila jioni wimbo mmoja, kigoda, "Sasa?", "Bado kidogo." Bwana Kiarie hakumwona akija na gitaa.

Mwaka 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa Eldoret, akalazwa mara tatu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia. Kufikia Krismasi iliyopita vidole vilikuwa vimevimba, hawezi kubana nyuzi. Januari aliomba kurudi nyumbani, tukamleta.

Jumamosi tarehe 8 Februari, saa kumi na moja jioni, mjukuu wake Cynthia, mwanafunzi wa chuo kule Chepkoilel, alimpigia wimbo mmoja kwa gitaa lile. Mama Chepkorir alikuwa kwenye kigoda kando ya kitanda, mimi dirishani. Wimbo ulipoisha, kaka aligeuza kichwa. "Sasa?"

Shemeji yangu akaanza kulia. "Baba Chepkorir, nisamehe. Ilinenepa siku ile ya Kabiru. Ilikuwa nene hadi nikaogopa. Ningesema ndiyo, ungeenda na ile bendi, na mimi nilikuwa na watoto wanne na shamba."

Mimi nikashika pazia, nikajua leo kumeharibika. Kisha mabega ya kaka yakaanza kutikisika, na tukaona anacheka.

"Bendi gani, Rael? Ile ilivunjika themanini na tano. Kiarie aliuza ngoma zote akafungua duka la mbolea."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nanunua mbolea kwake."

"Basi miaka hiyo yote ulikuwa unaniuliza ya nini?"

"Kwa sababu ukiulizwa," akasema, "ulikuwa unakuja kukaa."

Mama Chepkorir alisogeza kigoda mpaka kikagusa kitanda, na hatukumwona akikiacha tena. Mzee Eliakim alituaga alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Rael Jepkosgei. Watoto Chepkorir, Kiprop, Chepkirui na Kipchumba. Wajukuu tisa, akiwemo Cynthia. Mdogo wake aliyesoma haya. Na rafiki yake Kabiru, ambaye amekuja kutoka Moi's Bridge na amekataa kuketi kwenye hema la wageni.

Alale salama kaka yetu, na Mungu amkalie karibu.