Viza ya Baba Sorcha

Benchi letu liko mbele ya benki iliyofungwa, hapa Drumkeelan, Ayalandi, na juu yake pana kibao cha kituo cha basi ambacho basi hukiheshimu likijisikia. Kahawa tunanunua ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, kwa mashine inayokoroma kama mjomba aliyeshiba Krismasi. Saa nne asubuhi huwa tumeshaketi. Yupo Yanki, aliyekaa Boston miezi minane mwaka themanini na nne akarudi na lafudhi ambayo haijapona mpaka leo. Yupo Askofu, ambaye ni mwanamke, jina lake Dympna, ila funguo zote za kanisa anazo yeye na padri humwomba ruhusa ya kuwasha mishumaa. Nipo na mimi. Na Jumatano hiyo, mvua nyembamba ikitunyunyizia bila nia mbaya, akaja Malachy Tiernan ameshika bahasha kama mtu aliyeokota nyoka akaona haya kumtupa.

Malachy ni mfugaji, mgane, na mtoto wake ni mmoja tu, Sorcha. Sorcha alikuwa anaolewa Kochi, huko India, wiki tatu kutoka siku hiyo. Tiketi ilikuwepo. Suti ilikuwepo. Kilichobaki ni viza. Sorcha alikuwa amemtumia fomu aijaze kwa kalamu, aipige picha na simu kabla ya saa nane mchana, naye angeiingiza kwenye kompyuta kule kule. Na barua ya ukurasa mmoja: yeye ni nani, anakwenda kufanya nini, na kwa nini atarudi. Akichelewa, bibi harusi ataingia kanisani peke yake.

Lazima mjue kwamba Malachy hakuwahi kuomba viza maishani. Uingereza alikwenda kwa meli miaka ile, wala hakuna aliyetaka kujua anaitwa nani. Lourdes alikwenda kuhiji na parokia mwaka mkewe alipougua, na huko aliyekuwa na maswali alikuwa yeye. Pasi ya safari ile ilishakwisha muda, hii kaipata mwaka huu. Ng'ombe wake walikuwa na zao tangu zamani.

— Jamani, hii karatasi inanijua, alisema, akaketi.

Yanki akatabasamu kama balozi. Akatueleza, kwa lafudhi ile, kwamba pasi ya kwetu, ile yenye kinubi, inafungua nusu ya dunia bila hodi. Akataja Ureno, akataja Japani, akataja visiwa ambavyo nadhani alivitunga papo hapo. Halafu uso ukambadilika.

— Sasa jiulize. Milango yote iko wazi, mmoja una komeo. Nyuma ya komeo kuna mtu anakungoja wewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwani huyo mwenyeji anaumwa nini?

Malachy akaanza kutusomea. Jina la baba, na mahali alipozaliwa. Jina la mama, vilevile. Dini. Nchi alizotembelea. Kisha akashusha sauti, akatazama dirisha la duka la dawa kuona kama kuna mtu.

— Alama ya mwilini inayoonekana.

Askofu akaweka kikombe chini.

— Alama ya nini?

— Haisemi.

— Ya mbele au ya nyuma?

— Inayoonekana, Askofu.

— Inayoonekana na nani?

Palipokosekana jibu ndipo sisi huanza kazi. Askofu alishuku lile swali la dini. Kwa maoni yake kuna mtu Roma amekaa na daftari, anahesabu waliolegea imani, na hawezi kuuliza waziwazi ndiyo maana anapitia India. Tulipomwambia Roma na India hazipakani, akasema hata shetani hapakani na Drumkeelan na anafika kila Jumamosi.

Yanki alikuwa anatikisa kichwa muda wote, amefumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na lake.

— Jina la baba. Jina la mama. Mahali ulipozaliwa. Alama. Malachy, ndugu yangu, hiyo si fomu ya mtu. Hiyo ni fomu ya ndama.

Na ilikuwa kweli. Ndama akizaliwa kwetu anatobolewa masikio, anatiwa hereni za namba, anaandikwa mama yake, anapewa pasi. Malachy akajishika sikio bila kujua.

Na mimi, kwa kuwa moto ukiwaka sipendi uzimike, nikauliza huyo bwana harusi anafanya kazi gani. Malachy akasema Abin ni mtu wa kompyuta, walikutana Dublin. Heri nisingeuliza. Yanki aliruka kama kakalia kibiriti. Akatupangia yote: kompyuta ya Abin inaongea na kompyuta ya wizara ya kilimo, harusi ni chambo, na siku Malachy atakapokuwa angani, amefungwa mkanda, mkaguzi atafungua lango la malisho aingie kuhesabu ng'ombe kwa raha zake, kwa kidole.

— Basi na harusi haipo? Malachy akauliza. Aliuliza polepole, akiwa amekunja mdomo, na nilidhani ni hasira.

— Mimi sijasema haipo, akasema Yanki. Nasema mficha uchi hazai. Wewe umezaa. Watauona.

Ieleweke kwamba kwetu kumwuliza mwanamume ana ng'ombe wangapi ni kama kumwomba avue suruali sokoni. Jibu la adabu ni "wachache". Malachy tumeketi naye miaka thelathini, na kwa miaka thelathini anao wachache. Na karatasi yoyote yenye muhuri hujibiwa kwa kilio. Mkaguzi akija, anayetembea huchechemea. Anayechechemea huletwa kwenye kiti. Hivyo ndivyo baba zetu walivyopata ruzuku ya mabati, na ndivyo sisi tulivyopata ya ua.

Kwa hiyo tulipoamua kwamba barua lazima iandikwe, hata kama ni mtego, tuliiandika kwa ustadi wa vizazi. Askofu alishika kalamu, ana mwandiko wa kitawa. Sisi tulimwaga machozi, yeye akayapanga mistari. Malachy Tiernan, mgane, mgongo umekufa. Shamba ni kinamasi kitupu. Ng'ombe wachache, wazee, wawili hawaoni. Nyumba inavuja, hasa upande wa kitanda. Hana mke, hana mtoto karibu, hana wa kumkoroga uji. Yanki alipoisikiliza mara ya pili alipenga kamasi. Aliapa kwamba hata akiwa mpelelezi, mtu akisoma vile hawezi kudhani pana kitu cha kuhesabu.

Ilikuwa saa saba imepita alipokuja Jincy kungoja basi. Ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee kule juu, ana miezi mitatu hapa, na kwao ni mwendo wa saa moja kutoka Kochi. Malachy alisimama, akavua kofia, akamwomba aitazame ile barua, maana yeye anawajua watu wa kule.

Jincy akaisoma yote. Akairudia. Halafu akanigeukia mimi, sauti ya kazini:

— Poleni. Huyu mgonjwa mmemlaza wapi?

— Ni mimi, akasema Malachy.

Jincy akamtazama. Mtu wa futi sita, mashavu mekundu, mkononi kipande cha mkate wenye soseji, wa pili tangu asubuhi. Yanki akaona afafanue, akamwambia kwa upole, dada yangu, serikali haionyeshwi afya. Jincy hakucheka. Alisema mama yake alipotaka kuja kumwona hapa Ayalandi aliulizwa maswali kurasa nzima, na kubwa kuliko yote lilikuwa: una nini huko kwenu cha kukurudisha? Mama akaandika kila mnazi. Akaandika mbuzi kwa majina.

— Sisi tuliuliza hivyo? akasema Askofu. Sisi?

— Ninyi, mama.

Akaikunja barua vizuri, akamrudishia mwenyewe.

— Mimi sijui mambo ya ofisi, mzee. Nauliza tu. Mtu huyu mliyemwandika hapa, hana shamba, hana nyumba, hana mtu. Binti yake yuko kule. Sasa arudi kufuata nini?

Basi likafika, kwa mara ya kwanza kwa wakati wake, likamchukua.

Yanki alitazama kahawa yake. Askofu alitafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo. Mimi nilikuwa nimeanza kuona kwamba tangu saa nne tulikuwa watu watatu tunamtafutia mwenzetu sababu ya kutokwenda. Wizara haikuwemo. Roma haikuwemo.

Malachy ndiye aliyekohoa.

— Askofu, geuza karatasi. Andika ng'ombe thelathini na wanne.

Yanki aligeuka akatazama barabara, pande zote mbili.

— Wote wanaona, akaendelea Malachy, kwa sauti ya mtu anayesoma katekisimu. Ekari sitini na mbili. Kavu, isipokuwa ile ya mtoni. Paa jipya. Mgongo mzima.

Kalamu ikasimama. Kwa miaka tisa Askofu hajamwita kubeba viti vya kanisa siku ya Pasaka kwa sababu ya mgongo ule. Alimtazama kwa muda ambao ungemfanya hata padri aungame. Kisha akaandika, akikandamiza mpaka nyuma ya karatasi.

Kwenye alama ya mwilini wakaandika kovu la kidevu, lango la chuma, utotoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu, nimeshafuta kioo kwa shati.

— Limebaki moja, akasema Askofu, hakuinua macho. Sababu ya kurudi.

Malachy akatutazama. Alianza na Yanki, akaja kwa Askofu, akaishia kwangu, taratibu, kama anavyotazama mnadani ndama ambao hakuna mwingine atakayewanunua.

— Andika ng'ombe, akasema.