Yungiyungi la Halyna

Benchi letu liko ndani, si nje, kwa sababu mwezi wa Aprili mtu akikaa nje huku kwetu Saskatchewan itabidi abanduliwe kwa maji ya moto. Liko kando ya dirisha la duka la ushirika la Dunmoor, kati ya mashine ya kahawa na magunia ya chakula cha mbwa. Ukikaa hapo unaona pampu za petroli, ghala la nafaka ng'ambo ya reli, na barabara ambayo watoto wa hapa waliishika wakaenda mjini, wakabaki huko. Wenye benchi ni watatu. Rubani alipata jina siku aliyoipaisha trekta yake kutoka barabarani hadi katikati ya bwawa. Serikali ni mzee ambaye kwake hakuna baya lisiloletwa na serikali. Mama Achari ndiye bingwa wa matango ya siki. Wa nne ni mimi; wananiita Maktaba, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi, na kwa kuwa sipendi kusema jambo kabla sijalihakikisha. Asubuhi hiyo aliingia Orest Danyluk. Miaka yote Orest huchukua kahawa yake akaenda kuinywa peke yake kwenye pikapu. Siku hiyo alikaa. Mapajani alikuwa na ndoo ya plastiki ya aiskrimu, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba supu.

Mama Achari: Haa! Orest kakaa! Pikapu imekufa nini?

Orest: Pikapu nzima.

Rubani: Basi karibu, mzee mwenzangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe ndoo.

Serikali: Jembe.

Rubani: Jembe analo kwake. Hapa kaja na ndoo.

Orest hakucheka. Alifungua kifuniko. Ndani, juu ya gazeti lililokunjwa, mlikuwa na tunguu moja la yungiyungi. Lilikuwa limesinyaa, magamba yake yamelegea na kupinda kingo, rangi ya karatasi iliyokaa juani.

Orest: Nataka mniambie kitu kimoja tu. Hili liko hai au limekufa?

Hatukuuliza ni la nani. Halyna, mkewe, tulimzika Septemba, na hakuna nyumba hapa mjini isiyo na yungiyungi lililotoka mikononi mwake. Kila mwaka majani yakianza kunyauka alikuwa akichimbua mashina yaliyosongamana, anayagawa, anazunguka na toroli nyumba kwa nyumba.

Mama Achari: Hebu kwanza. Limefikaje kwenye ndoo? Yungiyungi halitolewi ardhini, Orest. Linalala humo humo na baridi yake, unalifunika mabua, basi.

Orest: Oktoba niliona mnachimbua. Wewe ulikuwa unachimbua, Rubani pia. Nikasema ndiyo kazi ya Oktoba. Nikachimbua yote.

Mama Achari: Sisi tulikuwa tunatoa gladiola! Gladiola ndiyo haiwezi baridi! Mungu wangu. Ukayaweka wapi?

Orest: Kwenye chumba cha chini ya nyumba. Karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, yasipate baridi.

Mama Achari alifumba macho. Mtu yeyote wa bustani hapa angefumba. Tunguu la gladiola ukilikausha linalala. La yungiyungi halina ganda la kulifunika. Ukilikausha linakauka, basi.

Rubani: Mengine si kitu, Orest. Kila mtu hapa anayo mengine. Hata mimi nitakurudishia ndoo tatu.

Orest: Mengine yote yameoza au yamekauka, nimeyatupa. Hili ndilo nililouliza. Hili ni lile lake. Alilolizalisha mwenyewe.

Hapo hata Serikali aliweka kikombe chini. Tulikuwa tumelisikia. Halyna alichukua chavua ya ua moja akalipaka jingine kwa brashi ya wanja, akaotesha mbegu, akangoja miaka. Lilikuwa shina moja tu. Lilichanua mara ya kwanza Julai iliyopita.

Mama Achari: Basi sikia. Maji ya uvuguvugu na sukari kijiko kimoja. Lilowe mpaka jioni.

Serikali: Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mama Achari: Ndiyo maana nasema uchovye mara moja, we mzee.

Serikali: Hamlielewi tatizo. Hizi baridi za siku hizi si baridi. Serikali ina mitambo kule kaskazini, inapunguza theluji kidogo kidogo ili bili ya gesi ionekane ndogo wakati wa uchaguzi. Maua yanachanganyikiwa. Hili halijafa, limechanganyikiwa.

Rubani: Acha zako. Yungiyungi linajijua. Mama yangu alikuwa nalo moja, lina mizizi ya kujivutia chini, kila mwaka linashuka. Likapita chini ya uzio. Likapita chini ya barabara. Mwaka wa tano likatokea kanisani, mbele ya mimbari, siku ya Pentekoste.

Mama Achari: Kwenye sakafu ya saruji?

Rubani: Kwenye ufa.

Mama Achari: Ufa uko kichwani kwako.

Rubani: Nasema hivi, Orest: lifukie tu, usilitazame. Lifukie chini kabisa, urefu wa mtu. Litapanda lenyewe. Mpanda ngazi hushuka, na mshuka ngazi hupanda.

Serikali: Au alile tu. Wachina wanayala matunguu haya. Akilila, litakuwa ndani yake, hakuna wa kulitoza kodi.

Rubani alianza kucheka akajikuta peke yake. Orest alikuwa amefunika ndoo kwa kiganja.

Orest: Sili kitu cha Halyna.

Serikali: Samahani, bwana. Mdomo umeponyoka.

Nilikuwa nimekaa muda wote nikilitazama lile tunguu. Nilimwomba ruhusa nikalichukua, nikabandua gamba la nje, likavunjika kama biskuti. Nikabandua la pili. La tatu lilipinda bila kuvunjika. Niliendelea taratibu mpaka karibu na kiini, na pale gamba lilikuwa jeupe, na lilipokatika kwenye shina lake liliacha unyevu kwenye ukucha wangu.

Mimi: Liko hai kidogo.

Orest: Kidogo ni hai au si hai?

Mimi: Ni hai, baba. Lakini sina hakika kama litaweza kuota lenyewe. Kuna njia nyingine. Ukichukua gamba moja moja lililo zima, ukaliweka kwenye mfuko wa plastiki na mboji yenye unyevu, mahali pa vuguvugu, linaweza kutoa tunguu dogo chini yake. Linaweza, sijasema litatoa. Na hilo dogo litachukua miaka mitatu, au minne, kabla ya kuchanua.

Orest: Minne.

Mama Achari: Ooo, minne si kitu! Utachanua wewe kabla yake.

Ndipo nikauliza, kwa kuwa mtu akikuza ua bila kujua sura yake hawezi kujua kama amepata lile lile.

Mimi: Lilikuwa rangi gani?

Mama Achari: La pinki. Halyna alipenda pinki.

Rubani: Chungwa! Alichanganya lile jekundu na lile la njano. Piga hesabu.

Serikali: Jeupe. Lina madoa.

Mama Achari: Uliliona?

Serikali: Nilisikia.

Mama Achari: Mimi Julai nilikuwa Saskatoon kwa ajili ya goti. Rubani?

Rubani: Nilikuwa kwenye majani ya ng'ombe. Julai nani yuko kwenye maua?

Sote tukamgeukia Orest. Alikuwa anatazama pampu za petroli.

Orest: Alinipigia simu nikiwa kwenye trekta. Akasema, limefunguka, njoo ulione. Nikamwambia anga halijakaa vizuri, nimalize kufunga majani kwanza, nitaliona kesho. Usiku ikapiga mvua ya mawe.

Orest: Asubuhi nilikuta shina tupu. Nikamuuliza lilikuwaje. Akaniambia lilikuwa zuri. Nikasema, haya.

Alilichukua lile tunguu kutoka mkononi mwangu. Kwa vidole vile vinene alianza kubandua magamba ya ndani, pole pole, kama nilivyofanya mimi. Alimpa Mama Achari moja. Rubani moja. Serikali moja, ingawa Serikali hajawahi kupanda hata bizari. Mimi alinipa mawili. Kiini chenyewe alikirudisha ndooni.

Orest: La mmoja lisipoota, la mwingine litaota. Likichanua nipigieni. Sitasema kesho.

Mama Achari alilifunga gamba lake kwenye karatasi ya kujipangusia, akalitia kwenye mkoba, midomo ameibana. Rubani aliliweka ndani ya kofia. Mimi niliyashika yangu kiganjani, nikaona aibu kwa jasho langu.

Orest alisimama. Akavaa kofia. Akatutazama mmoja mmoja, na akabaki pale, mkono kwenye ndoo, muda mrefu kidogo kuliko anavyobaki mtu anayeondoka. Mama Achari akaangalia mkoba wake. Rubani akakohoa. Kisha Orest akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa, akatoka.

Marivic, aliyeanza kazi pale kaunta wiki hiyo tu, kutoka Ufilipino, alikuja na jagi la kahawa. Alimimina, akasita.

Marivic: Samahani. Kwani amewaudhi?

Mama Achari: Nani? Orest? Hata! Ametupatia kitu asicho nacho kingine.

Marivic: Mbona hamkumwambia asante?

Rubani: Usiseme hivyo, binti. Mmea wa kupewa haushukuriwi. Ukitoa asante tu, haumei. Hivyo ndivyo ilivyo huku, tangu kwa mabibi zetu.

Mama Achari: Na hili, lilivyo hoi hivi? Tungelimaliza papo hapo. Nimejiuma ulimi mpaka nimeonja damu. Halyna mwenyewe alikuwa akikupa tunguu anageuka haraka na toroli lake, usije ukateleza ukashukuru. Kila mwenye bustani anajua.

Marivic aliangalia nje. Pikapu ya Orest ilikuwa bado pale kwenye pampu, haijawashwa. Yeye alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, na ndoo kwenye kiti cha pembeni.

Marivic: Na yeye anajua? Alikuwa na bustani?